Time Out ya Dave Brubeck Quartet (1959): sifa anapewa mpiga piano, kazi kaifanya mtu wa besi

#1 (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Najua tukitaja jazz hapa mjini mawazo ya wengi yanakimbilia NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na wazee wetu wa dansi, hao nawavulia kofia ila leo si siku yao. Leo naongelea jazz ya Wamarekani, watu wanne tu studio, hakuna muimbaji, hakuna gitaa, hakuna tarumbeta. Albamu inaitwa Time Out, imerekodiwa New York 1959, na hata kama unajiona huijui nakuhakikishia wimbo wake mmoja umeshausikia, kwenye tangazo, kwenye lifti, kwenye hoteli ya watu huko Masaki ukisubiri mtu akulipe hela yako. Take Five. Ile saksafoni inayoteleza kama haina haraka na dunia.

Kikosi kilikuwa hiki: Dave Brubeck kwenye piano, Paul Desmond saksafoni ya alto, Joe Morello drams, na Eugene Wright kwenye besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama nayo. Ukisoma popote kuhusu hii albamu utakuta Brubeck katajwa mara ishirini, Desmond kumi, Morello tano, Wright katajwa kwenye orodha ya wapigaji basi imeisha hiyo. Mimi nabisha. Hii albamu bila Wright isingesikilizika, ingekuwa mazoezi ya hesabu ya watu wenye elimu kubwa ya muziki. Nitaeleza kwanini, wenye haraka pitieni, wenye bando kaeni.

Kwanza muelewe kilichofanyika. Jazz ya miaka ile karibu yote ilikwenda kwa bit ya nne nne, yaani unahesabu mpaka nne halafu unarudi moja, au tatu za waltz ukiamua kujidai. Brubeck alisoma kwa Darius Milhaud, mtunzi wa Kifaransa, na 1958 serikali ya Marekani ikamzungusha na bendi yake nchi kibao, Poland, Uturuki, India, Pakistan, Iran, Iraq, ile siasa ya vita baridi ya kutuma wanamuziki badala ya mabomu. Huko Uturuki akakutana na wanamuziki wa mtaani wanapiga tisa, ila tisa yao haijagawanywa tatu tatu tatu kama tulivyozoea, ni mbili mbili mbili tatu. Jamaa akarudi nayo kichwani, akatunga Blue Rondo à la Turk, na akaamua kufanya albamu nzima ya kuchezea muda. Ndiyo maana ikaitwa hivyo.

Kampuni ya Columbia haikufurahi hata kidogo. Nyimbo zote saba ni za kwao wenyewe, hakuna hata moja ambayo mteja anaijua, bit zenyewe watu hawawezi kuchezea, halafu kava ni mchoro wa rangi rangi wa S. Neil Fujita badala ya picha ya mrembo. Aliyewakingia kifua ni Goddard Lieberson, rais wa kampuni. Wakarekodi siku tatu za mwaka 1959, 25 Juni, 1 Julai na 18 Agosti, kwenye studio ya Columbia mtaa wa 30, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, ndiyo maana sauti ina hewa vile. Prodyuza Teo Macero. Ikatoka Desemba. Mwaka 1961 singo ya Take Five ikaingia chati za pop za Billboard mpaka nafasi ya 25 na albamu yenyewe ikafika namba 2. Muziki wa tano tano bila maneno, fikiria.

Sasa besi. Nikila nitarudi.

#2

Mkuu umeanza vizuri ila hiyo jazz ni muziki wa kusindikizia supu hotelini, mimi dakika mbili nishalala 😂

#3

Namba 2 usiharibu uzi wa watu. Mleta mada endelea, mi hiyo Take Five naipenda kitambo tu ila siku zote nikijaribu kugonga mguu napotea. Hesabu yake ikoje?

#4

Naomba nimjibu mkuu wa #3 maana mimi ni mpiga drams, napiga kanisani huku Mbezi na kwenye maharusi ikitokea. Kosa la wengi ni kuhesabu moja mpaka tano kama mnahesabu maembe. Igawe, tatu halafu mbili. Sisi vijana wa bendi tunawafundisha wageni kwa ruti ya daladala, sema kwa sauti U-bu-ngo Si-nza, U-bu-ngo Si-nza, U-bu-ngo Si-nza, kila silabi bit moja, na usipumzike ukimaliza Sinza, rudi Ubungo hapo hapo kama konda anayegombania abiria. Piga mguu kwenye U na kwenye Si tu. Umeshaipata.

Ukiiweza hiyo nenda Blue Rondo. Ile ni Sinza, Mwenge, Posta, Ubungo. Mbili mbili mbili tatu. Mara tatu unasema hivyo, ya nne unabadilisha unasema Ubungo, Manzese, Temeke, tatu tatu tatu, halafu unarudi mwanzo. Iende kasi lakini, ukienda polepole utaona kama wimbo umevunjika. Mimi ilinichukua muda, mke wangu akadhani nimerudia kazi ya ukonda.

#5

😂😂😂 Niko ndani ya mwendokasi najisemea Ubungo Sinza, jirani ananiambia kaka Sinza hili basi halifiki.

#6 (mleta uzi)

Mkuu wa #4 nimekukubali, hiyo sijawahi kuiona popote. Na umenirahisishia kazi maana sasa naweza kueleza besi.

Chukua Take Five. Unaposema U-bu-ngo Si-nza, sikiliza Wright yuko wapi. Anaangukia hasa hapo hapo kwenye U na kwenye Si, noti ya chini halafu nyingine, basi. Wimbo mzima wa dakika tano na ushee. Desmond anaelea huko juu, Morello anapiga solo ambayo kwa makusudi kaijaza ukimya, kuna sehemu anagonga kitu kimoja anaacha pengo unasema mwamba kasahau, na bado huanguki kwa sababu chini Wright na piano ya Brubeck wanarudia kile kile bila kuchoka. Wapigaji wa kawaida wangeingiwa na tamaa ya kuonyesha ufundi. Huyu hapana. Na msidhani ilikuwa rahisi kuirekodi, walijaribu siku ya kwanza mwezi wa sita ikagoma, ikaja kukamilika Julai mosi.

Hapo mjue kitu kingine, Take Five hakutunga Brubeck, katunga Desmond. Alikuja na vipande viwili vya melodi na Brubeck ndiye aliyesema hivi viungane, kimoja kiwe mwanzo kingine kiwe cha katikati. Desmond mwenyewe hakutegemea chochote, kwake ulikuwa wimbo wa kumpa Morello nafasi ya kupiga solo. Ukaja kuwa wimbo unaoingiza hela kuliko vyote, na alipofariki 1977 wosia wake ukaelekeza mapato yake yaende Msalaba Mwekundu wa Marekani. Mpaka leo mkiusikia hotelini kuna mtu anaongezewa damu.

Nenda Blue Rondo sasa. Wakimaliza ile vurugu ya Kituruki wanaingia kwenye blues ya kawaida kabisa ya nne nne, Desmond ndiye wa kwanza kupiga solo. Sikiliza ule mpito. Wanapokezana, kipande cha tisa, kipande cha nne, tisa, nne, kabla hawajaachia. Pale mtu wa besi akikosea nusu sekunde bendi nzima iko mtaroni. Wright anabadilisha gia husikii hata mlio, unashtukia tu unatikisa kichwa.

Halafu mfungeni macho mtu mumpigie Pick Up Sticks, wimbo wa mwisho. Sita sita. Anaanza Wright na mstari wake, anaurudia, anaurudia, anaurudia, wenzake wanajenga juu yake kila mtu kwa fujo zake. Huo ni wimbo wa besi, basi tu hakuna anayesema.

#7

Mleta uzi heshima yako ila nakupinga. Mwaka huo huo wa 1959, studio hiyo hiyo ya mtaa wa 30, miezi michache nyuma Miles Davis karekodi Kind of Blue. Mwezi wa tano Charles Mingus naye hapo hapo karekodi Mingus Ah Um. Ukiziweka hizi tatu mezani, Brubeck ndiye mkavu kuliko wote. Piano yake nzito, anagonga gonga kama fundi seremala, na hizi tisa na tano ni mbwembwe za darasani. Swing, ule mwendo wa jazz unaomtikisa mtu, iko wapi? Hata wachambuzi wa wakati ule walimsema.

#8 (mleta uzi)

Mkuu wa #7 uko sahihi nusu. Kugonga anagonga, solo yake ya Blue Rondo kuna mahali kweli anapiga vikodi kama anapigilia msumari. Sikatai, na kwa Kind of Blue sishindani na mtu, ile ina mizani yake. Ila swali lako la swing iko wapi ndilo hoja yangu yote! Iko kwa Wright. Huyu ni mtoto wa Chicago, alishapiga na bendi ya Count Basie kabla, swing ameinyonya huko. Brubeck na hesabu zake wakamkuta mtu anayejua kutembea. Ndiyo maana Strange Meadow Lark piano inaanza peke yake zaidi ya dakika mbili, inatangatanga haina bit yoyote, nzuri lakini unaanza kuangalia simu, halafu besi na drams zinaingia taratibu na Desmond juu yake, mwili wenyewe unakaa sawa kwenye kiti. Toa besi pale uone kama utafika mwisho.

Unavyosema wachambuzi walimsema, ni kweli, na sehemu ya sababu ni kwamba alikuwa mzungu aliyefanikiwa sana mapema. 1954 jarida la Time lilimuweka kwenye kava na yeye mwenyewe aliona aibu maana aliona anayestahili ni Duke Ellington, gwiji mweusi wa jazz. Lakini kuna upande mwingine wa hiyo habari na unamhusu Wright pia.

#9

Upande gani tena, usituache hewani bosi.

#10 (mleta uzi)

Wright alikuwa mweusi pekee kwenye ile kwateti. Alijiunga 1958, Marekani ya kusini bado ubaguzi uko kisheria. Mwaka huo huo wakaenda kupiga chuo kimoja North Carolina, uongozi ukasema huyo wa besi asipande jukwaani. Brubeck akasema basi hatupigi. Wanafunzi wameshajaa ukumbini wanapiga miguu, simu zikapigwa mpaka kwa gavana, mwisho wakaruhusiwa kwa sharti Wright akae nyuma kule asionekane sana. Brubeck akamwambia Wright maiki yako imeharibika, ukifika wakati wa solo yako njoo utumie hii yangu ya matangazo hapa mbele. Akaja, akasimama mbele ya watu wote, akapiga. Ukumbi ukalipuka.

Na mwanzoni mwa 1960, yaani Time Out ndiyo imetoka juzi juzi tu, walikuwa na ziara ya vyuo 25 vya kusini. Vingi vikamtaka Brubeck abadilishe mtu wa besi aweke mzungu. Akakataa, karibu ziara yote ikafutwa na hela ikaenda na maji. Jamaa alishaongoza bendi ya weusi na weupe pamoja akiwa jeshini kwenye vita vya pili, kwa hiyo hakuanzia hapo.

Sasa unganisha. Mtu ambaye vyuo vizima vilisema atolewe ndiye ambaye ukimtoa kwenye santuri haibaki kitu.

#11

Dah. Hapo kwenye maiki nimesimama nikakaa.

#12

Salaam. Nimesoma kimya kimya toka mwanzo, nchangie kidogo. Mimi kwetu Unguja, mzee wangu alikuwa mpiga fidla wa taarab ya zamani. Nyinyi watu wa bara mnashangaa Waturuki kupiga tisa, wallahi sisi Unguja bashraf, zile nyimbo za ala tupu bila maneno, zimepigwa tangu enzi za Ikhwani Safaa, klabu ya 1905 hiyo, na bashraf yenyewe asili yake ni huko huko Uturuki, imetufikia kwa njia ya Misri. Kuna mizani ya samai ya kumi, mtoto asiyezoea anapotea pale pale mlangoni. Nilipoisikia Blue Rondo mara ya kwanza nikaona huyu bwana kaja kuchukua kitu cha barazani kwetu kakitia koti. Kitu kizuri lakini, simlaumu. Ila hapo anapokimbilia kwenye nne nne kupiga solo ndipo ninapomuona kashindwa, angebaki kwenye tisa mpaka mwisho tukamuona mwanamume.

#13 (mleta uzi)

Sheikh, hilo la mwisho ni pigo takatifu na sina jibu zuri. Ni kweli Blue Rondo solo zote ziko nne. Take Five ndiyo walibaki mle mle kwenye tano mpaka mwisho, na nadhani ndiyo maana ikadumu kuliko nyingine.

#14

Wataalamu mimi nimeifungua kwenye simu sasa hivi, nasikia saksafoni na visahani vya drams basi, hiyo besi mnayoisifia iko wapi?

#15 (mleta uzi)

Mkuu unasikilizia spika ya simu, spika ya simu inamzika Wright mzima mzima. Ile sauti ya chini haiwezi kutoka kwenye kitundu kidogo vile. Weka hedifoni, hata zile za Kariakoo za elfu tano, au unganisha kwenye spika yoyote yenye kifua. Usiongeze besi kwenye mipangilio, ukiongeza inakuwa vumbi tupu, besi ya mbao haitakiwi kuvuma, inatakiwa usikie kidole kinaachia uzi. Na usisikilize ukiwa barabarani, injini ya basi na besi ya Wright wanakaa chumba kimoja.

#16

Mpiga drams wa Mbezi tena hapa. Mleta uzi nimekuacha umsifie mtu wa besi, sawa, ila usimpitie Morello kama upepo. Yule bwana alikuwa na tatizo la macho tangu utotoni, alikuwa anaona kwa shida, lakini mkono wa kushoto wake mpaka leo walimu wa drams wanautolea mfano. Kwenye ile solo ya Take Five anafanya kitu ambacho vijana wetu kanisani hawawezi, kunyamaza. Sisi tukipewa solo tunavunja kiti. Yeye anagonga ngoma moja, anakuachia Ubungo Sinza nzima hamna kitu, anagonga tena upande usioutegemea. Na uhuru huo anaupata kwa sababu nyuma yake kuna watu hawayumbi, hapo nakubaliana na wewe.

#17

Kathy's Waltz hamjaitaja kabisa wakuu na kwangu ndiyo bora. Brubeck kamtungia binti yake Cathy, wenye kampuni wakakosea herufi wakaandika kwa K na ikabaki hivyo. Humo tatu na nne zinachanganywa, raha yake jioni ukiwa umekaa tu huna pa kwenda.

#18 (mleta uzi)

Hiyo pia. Na Three to Get Ready, vipande viwili vya tatu za waltz halafu viwili vya nne, ile hata mtoto anaiweza, wa kwangu anaruka nayo sebuleni. Everybody's Jumpin' ndiyo pekee ambayo mimi huwa naipitisha, sioni walichokuwa wanatafuta.

#19

Nimemaliza albamu nzima, dakika kama 38 tu kumbe. Baada ya hii nisikilize nini cha hawa hawa?

#20 (mleta uzi)

Nenda Time Further Out ya 1961, kikosi kile kile, kava wameweka mchoro wa Joan Miró. Humo kuna Unsquare Dance, dakika mbili tu, iko saba. Mwanzoni ni Wright na besi yake na makofi, piano inakaa pembeni inasubiri zamu. Kwa mtindo wa mkuu wa Mbezi semeni Sinza, Posta, Ubungo. Wright anapiga silabi ya kwanza ya kila kituo, makofi yanachukua zilizobaki, nza, sta, bu-ngo. Jaribuni wawili wawili, mmoja besi mmoja makofi, atakayekosea kwanza ananunua chai. Mkishaizoea ongezeni kasi mpaka ifike ya kwao, hapo ndipo mtanitafuta.